Mwongozo wa Kulinganisha Lancha na Programu za Utafutaji wa Haraka kwenye Simu za Vitufe

Maswali ninayopokea kuhusu simu za vitufe yanafanana sana. Mmoja anataka kujua ni programu gani nzuri ya kutafutia na kufungulia programu nyingine bila kupita menyu nzima. Mwingine ameweka ile aliyosifiwa na rafiki yake, na kwake haisikilizi vitufe kabisa. Wa tatu ana kitochi cha kawaida, kile ambacho ndugu zetu wa Kenya hukiita kabambe, naye anauliza kama kinaweza kuwekewa chochote. Mwongozo huu unawajibu wote kwa pamoja, hatua kwa hatua, ili usilazimike kujaribu programu kumi kabla ya kuipata inayokufaa.

Nianze na msimamo wangu, kwa sababu hatua zote zinautegemea. Kwenye simu ya vitufe, usilinganishe programu kwa uzuri wa sura wala kwa wingi wa mapambo. Hesabu mibonyezo: kidole kinabonyeza mara ngapi tangu simu inapofunguka mpaka kazi unayoitaka iwe mbele yako? Programu inayokufikisha kwa mibonyezo mitatu ni bora kuliko inayokufikisha kwa kumi na miwili, hata kama hiyo ya pili inapendeza zaidi. Mtu mzima ambaye vidole vyake vimeanza kukakamaa, au dereva aliyesimama kando ya barabara kwa dakika moja tu, anaiona tofauti hiyo kila siku.

Tambua kwanza simu uliyonayo

Simu za vitufe ziko za aina tatu, na kinachowezekana kwenye aina moja huenda kisiwezekane kabisa kwenye nyingine.

Aina ya kwanza ni kitochi halisi, kama Nokia 105 na zinazofanana nayo. Simu hii haina duka la programu, na lancha yake, yaani programu inayoonyesha skrini ya mwanzo na kufungulia programu nyingine, haibadilishwi. Usikate tamaa, kwa kuwa Hatua ya 2 hapa chini imeandikwa kwa ajili yako na inaweza kukutosha kabisa.

Aina ya pili ni simu zinazotumia mfumo wa KaiOS, kama Nokia 2720 Flip ya mwaka 2019, Nokia 6300 4G ya mwaka 2020, na Smart Kitochi iliyouzwa na Vodacom Tanzania. Hizi zina duka dogo la programu, lakini dukani humo hakuna lancha ya kuchukua nafasi ya ile iliyokuja na simu. Nawe fuata Hatua ya 1 na ya 2. Ikiwa unafikiria kununua simu ya KaiOS kwa ajili ya WhatsApp, simama kwanza: WhatsApp iliondolewa kwenye duka la KaiOS mwaka 2024, na huduma yake kwenye mfumo huo ikafungwa mwaka 2025.

Aina ya tatu ni simu za Android zenye vitufe vya namba, kama Cat S22 Flip na Qin F21 Pro, ambazo zote mbili hutumia Android 11. Hizi hubadilishiwa lancha kama simu janja nyingine yoyote, na ndizo zinazohusika na mwongozo wote. Ukiwa na shaka, fungua Mipangilio, kisha sehemu ya maelezo kuhusu simu, na utazame kama toleo la Android limetajwa.

Angalia pia kama skrini ya simu yako inaguswa. Cat S22 Flip na Qin F21 Pro zina skrini za kugusa, lakini zipo simu za Android zenye vitufe ambazo skrini zake hazisikii kidole. Jambo hili litaamua mengi mbele.

Vitu vya kuandaa kabla ya kuanza

- Simu yenye chaji ya kutosha, na nafasi ya walau megabaiti mia moja.
- Intaneti kwa muda wa kupakua programu tu. Programu nitakazozitaja ni ndogo.
- Daftari na kalamu. Usiziache, kwa sababu utahesabu.
- Nakala ya majina yako ya simu, iliyohifadhiwa kwenye laini, kwenye akaunti au kwenye kadi ya kumbukumbu.
- Saa moja ya utulivu, mahali ambapo hutarajii simu ya dharura.

Hatua ya 1: Andika kazi zako tano na uzihesabu

Andika kazi tano unazozifanya zaidi kwa simu yako. Ziwe kazi zako za kweli, wala si zile unazodhani ungepaswa kuzifanya. Kwa wengi wetu orodha huwa hivi: kumpigia mtu fulani wa nyumbani, kutuma au kupokea fedha, kusoma ujumbe wa WhatsApp, kuwasha tochi, na kupiga picha.

Sasa fanya kila kazi kama unavyoifanya leo, ukihesabu kila mbonyezo kwa sauti. Chukulia simu yenye programu 30, zimepangwa tatu tatu kwa kila mstari, na unayoitaka ni ya 29. Utafungua menyu kwa mbonyezo mmoja, utashuka mara tisa, utakwenda kulia mara moja, kisha utabonyeza OK. Jumla ni 12. Andika 12 kando ya kazi hiyo, kwa kuwa ndiyo namba utakayoishindanisha na programu zote utakazojaribu.

Hesabu pia kusubiri. Ukiandika jina «Baba» kwa mtindo wa zamani wa kubonyeza kitufe kimoja mara kadhaa, unabonyeza 2 mara mbili kupata B, unasubiri, unabonyeza mara moja kupata A, unasubiri, kisha unarudia yote hayo. Ni mibonyezo sita na kusubiri mara tatu, kwa sababu herufi zote zimo kwenye kitufe kimoja. Hesabu kila kusubiri kama mbonyezo mmoja. Kwa mkono uliozoea ni muda mfupi, ila kwa mgeni wa simu hapo ndipo makosa huzaliwa.

Hatua ya 2: Tumia kwanza kilichomo ndani ya simu

Hatua hii ni ya simu zote, na naomba usiiruke hata kama una Android. Watu wengi hutafuta programu mpya ilhali simu yao tayari ina njia ya mkato isiyotumika.

Anza na upigaji wa haraka. Karibu kila simu ya vitufe hukuruhusu kukipa kitufe cha 2 hadi cha 9 jina la mtu, ili ukikishikilia simu ipigwe. Kitufe cha 1 kwa kawaida hubaki kwa ajili ya ujumbe wa sauti. Mpangilio huu hukaa kwenye majina au kwenye mipangilio ya simu.

Kisha hifadhi menyu za fedha kama majina. Mtumiaji wa M-Pesa Tanzania hupiga *150*00#, ambayo ni mibonyezo minane, na kitufe cha kijani kinaifanya kuwa tisa. Wa Kenya hupiga *334#, ambayo pamoja na kitufe cha kijani ni sita. Hifadhi namba hiyo kwa jina «Mpesa», uipe kitufe cha 5, na kazi ya mibonyezo tisa inageuka kuwa mmoja wa kushikilia. Jaribu mara moja mbele ya mwenye simu, kwa kuwa simu chache hukataa kupiga alama ya # kutoka kwenye majina. Usihifadhi kamwe namba ya siri ndani ya mkato huo. Atakayeokota simu yako atakuwa ameokota na fedha zako.

Sasa panga upya majina. Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu faida yake ni kubwa kuliko inavyoonekana. Sisi tuna desturi ya kuanza jina kwa kazi au kwa heshima: Fundi Umeme, Fundi Bomba, Mama Asha, Mama Juma, Boda wa Sokoni. Vitochi vingi hutafuta kwa herufi za mwanzo wa jina tu, hivyo ukiandika «fundi» utapata mafundi wote kumi na bado utalazimika kushuka. Geuza mpangilio: Umeme Fundi, Bomba Fundi, Asha Mama. Neno linalomtofautisha mtu likae mbele. Kwenye simu inayotafuta kwa namba, «umeme» ni 86363 na «bomba» ni 26622, kwa hiyo mbonyezo wa kwanza tu, 8 au 2, umekwisha kuwatenganisha, wakati «fundi» kwa wote ni 38634.

Mwisho, simu nyingi za Nokia zina orodha ya mikato inayofunguliwa kwa kitufe cha kushoto ukiwa skrini ya mwanzo. Ingia kwenye chaguo zake, toa usivyovitumia, na uweke kazi zako kwa mpangilio wa orodha uliyoandika daftarini. Hesabu tena. Ukiwa na kitochi au KaiOS, kazi yako imekwisha hapa, na huenda umepunguza mibonyezo kwa zaidi ya nusu.

Hatua ya 3: Weka kibodi inayoelewa vitufe (Android pekee)

Kosa linalowakwamisha wengi liko hapa. Lancha nyingi za utafutaji zilitengenezwa kwa simu za kugusa, na zinategemea kibodi iwape herufi. Simu yako ikikosa kibodi ya vitufe, ukibonyeza 5 lancha hupokea tarakimu 5, nayo hutafuta programu yenye tarakimu 5 katika jina lake. Haipati kitu, na mwenye simu anasema lancha ni mbovu.

Ikiwa kibodi iliyokuja na simu inaandika herufi kwa vitufe vizuri, baki nayo. La sivyo, pakua Traditional T9, ambayo ipo Google Play na F-Droid (duka la programu huria), na ina Kiswahili miongoni mwa lugha zake. Baada ya kuiweka, ingia Mipangilio, tafuta sehemu ya lugha na kibodi, iwashe, kisha uichague kuwa kibodi yako. Ndani ya mipangilio yake chagua Kiswahili na lugha nyingine unayoandikia, halafu pakia kamusi zake.

Fahamu namna mbili za kuandika. Namna ya kubashiri neno hubonyeza kila kitufe mara moja na kukisia neno kwa kamusi: 6262 inaweza kuwa «mama» au «nana». Inafaa sana kwa ujumbe. Kwa kutafuta programu haifai, kwa sababu unaandika herufi mbili tatu tu, na kibodi itakisia kipande cha neno la kamusi ambacho si mwanzo wa jina la programu. Unapotafuta, tumia namna ya herufi moja moja, yaani ule mtindo wa zamani wa Hatua ya 1. Kwenye Traditional T9 kitufe cha kubadilisha namna mara nyingi ni #.

Hatua ya 4: Jaribu aina moja baada ya nyingine

Usiweke lancha nne kwa siku moja. Weka moja, itumie siku mbili, andika hesabu zake, ndipo uende kwa nyingine. Aina zinazostahili kujaribiwa ni hizi.

*Lancha ya utafutaji.* Mfano wake mzuri ni KISS Launcher, programu huria inayopatikana F-Droid na Google Play. Skrini yake ya mwanzo ni kisanduku cha kutafutia pamoja na historia ya ulivyovitumia. Ukiandika herufi chache, inaleta programu, majina ya watu na mipangilio kwa pamoja, na kitufe cha OK hufungua jibu la kwanza. Sifa yake kubwa kwa simu ya vitufe ni kwamba inakumbuka ulichochagua: ukiandika «wh» leo na kuchagua WhatsApp, kesho WhatsApp itapanda juu. Pia unaweza kuipa programu jina jipya au lebo. Kwa maoni yangu, mwenye programu nyingi aanzie hapa.

*Lancha ya orodha fupi.* Mfano ni Olauncher, ambayo nayo ni huria. Huonyesha majina ya programu zisizozidi nane kwa maandishi, bila picha, na ndani ya orodha kubwa inaweza kufungua yenyewe programu pale inapobaki moja tu inayolingana na ulichoandika. Ni nzuri kwa anayetaka simu tulivu. Lakini orodha hiyo kubwa hufunguliwa kwa kupitisha kidole juu ya skrini, kwa hiyo simu isiyoguswa haiwezi kuifaidi. Ikiwa skrini yako haisikii kidole, usipoteze muda nayo.

*Kitafutaji cha T9.* Hapa hakuna kibodi ya herufi. Kila namba inasimama kwa herufi zake zote, na programu huchujwa papo hapo. AppDialer ni mfano wa siku nyingi. WhatsApp huwa 94287277, ingawa tarakimu tatu za mwanzo kwa kawaida hutosha. Kabla ya kitu kingine chochote, bonyeza 5 kwenye kitufe chenyewe cha simu. Ikiwa kinachosikia ni zile namba zilizochorwa kwenye skrini peke yake, iondoe, kwa kuwa hukununua simu ya vitufe ili uguse skrini ya inchi tatu kasoro.

*Kibadilisha kazi za vitufe.* Hii si lancha, lakini hushindana nayo vizuri. Key Mapper hukipa kitufe kazi mpya: kukishikilia kufungue kamera, kukibonyeza mara mbili kuwashe tochi. Kwa kazi mbili au tatu hakuna njia fupi kuliko hii, maana ni mbonyezo mmoja tu. Zaidi ya hapo utaanza kusahau kitufe gani kina kazi gani.

Hatua ya 5: Pima bila kuonea wala kupendelea

1. Weka programu bila kuifanya kuwa ya kudumu. Simu ikikuuliza lancha ya kutumia, chagua mara hii tu.
2. Rudi skrini ya mwanzo, funga simu, kisha uifungue. Vipimo vyote vianzie hapo.
3. Fanya kazi zako tano, ukihesabu mibonyezo na kusubiri, na uandike namba kando ya zile za Hatua ya 1.
4. Ukiwa skrini ya mwanzo, anza kubonyeza namba ya simu ya mtu kwa vitufe, tarakimu kwa tarakimu. Je, sehemu ya kupigia inafunguka?
5. Shikilia kitufe ulichokipa upigaji wa haraka. Je, kinapiga?
6. Rudia siku ya pili bila kutazama maelezo. Hesabu ya siku ya pili ndiyo ya kuamini.

Kipimo cha nne na cha tano ndivyo watu hawavifanyi, na ndivyo vinavyoumiza. Lancha iliyokuja na simu ya vitufe ilitengenezwa ili ubonyezapo namba, sehemu ya kupigia ifunguke yenyewe. Lancha ya kuongeza haina wajibu huo. Namba zako zinaweza kuingia kwenye kisanduku cha kutafutia.

Niliwahi kumwekea shangazi yangu lancha ya utafutaji bila kufanya kipimo hiki. Yeye hafungui majina. Namba za watoto wake watatu amezihifadhi kichwani na huzibonyeza moja kwa moja. Jioni alibonyeza 0, kisha 7, na badala ya kuona namba akaona orodha ya programu inapanda na kushuka. Alidhani simu imeharibika, akaifunika kwenye kitambaa na kuiweka kabatini. Alikaa siku mbili bila kuongea na wanawe, na alinieleza nilipofika kumtembelea. Tangu hapo simwachii mtu simu kabla hajampigia mtu mmoja mbele yangu, kwa njia yake mwenyewe aliyoizoea.

Ukikutana na hali hiyo na bado unaipenda lancha, kumbuka kwamba kitufe cha kijani huendelea kufungua sehemu ya kupigia. Mfundishe mtumiaji abonyeze kijani kwanza, kisha namba. Asipoweza kuzoea, mrudishie lancha ya awali bila ubishi.

Hatua ya 6: Fupisha kwa lebo zilizochaguliwa vizuri

Hatua hii ni ya lancha zinazokubali lebo au majina mapya, na ndiyo iliyonipa mafanikio makubwa kuliko zote.

Tazama vitufe vyako. Kwa namna ya herufi moja moja, herufi nane hupatikana kwa mbonyezo mmoja tu: A, D, G, J, M, P, T na W. Nyingine hudai miwili, mitatu au minne. «Ramani» inaanza na R, ambayo ni mibonyezo mitatu kwenye 7. «Kamera» inaanza na K, mibonyezo miwili kwenye 5. Kwa hiyo usikubali kutafuta kwa jina ambalo mtengenezaji aliichagulia programu yake. Ipe lebo ya herufi mbili kutoka kwenye zile nane, zilizo kwenye vitufe tofauti ili usisubiri: WhatsApp iwe «wp», Telegram «tg», M-Pesa «mp», kamera «pg», ramani «mj».

Chagua miungano isiyokutana sana ndani ya maneno. Ukitumia «ma» kwa ramani utavuta kila programu yenye jina linaloanza hivyo. Kwa «mj», jibu la kwanza litakuwa lako. Mibonyezo miwili na OK inakuwa mitatu, dhidi ya 12 ya mwanzo.

Kwa mzee au mtoto, chagua lebo yenye maana hata kama ni ndefu kidogo. Mkato uliosahaulika hauna faida kwa mtu yeyote.

Hatua ya 7: Thibitisha chaguo, na ujifunze njia ya kurudi

Ingia Mipangilio, kisha Programu, kisha programu za msingi, uchague lancha yako kuwa ya skrini ya mwanzo. Kabla ya kutoka hapo, rudisha ile ya zamani, halafu weka tena mpya. Fanya hivyo ukiwa umetulia, ili siku lancha itakapokwama ujue njia bila kubabaika. Usiifute wala kuizima lancha iliyokuja na simu. Usifute pia kibodi ya awali, kwa kuwa kuna simu ambazo bila hiyo huwezi kuandika nenosiri la kufungulia.

Makosa yanayojirudia

Usivipe vitufe * na # kazi nyingine kwenye Key Mapper. Menyu zote za fedha na salio zinahitaji alama hizo, na utajikuta huwezi kuandika *150*00# wakati unapohitaji fedha. Hata namba 2 hadi 9 ziache, kwa kuwa kuzishikilia tayari kuna kazi ya upigaji wa haraka, na 0 ikishikiliwa huleta alama ya + ya namba za nje ya nchi. Tumia kitufe cha pembeni, cha kamera au cha sauti. Ukilazimika kutumia namba, weka sharti ndani ya Key Mapper kwamba kazi hiyo ifanyike tu lancha inapokuwa mbele.

Usipakue faili za programu zinazozungushwa kwenye magrupu ya WhatsApp. Key Mapper hudai ruhusa ya ufikivu, na programu yenye ruhusa hiyo inaweza kusoma yaliyo kwenye skrini, ikiwemo menyu ya benki. Ruhusa hiyo uipe programu uliyoitoa F-Droid au Google Play peke yake.

Usibadilishe lugha ya simu baada ya kuzoea kutafuta kwa majina. Programu iliyoitwa «Camera», yaani 226372, itakuwa «Kamera», yaani 526372, na vidole vyako vitapotea. Amua lugha kwanza.

Ikitokea shida

*Nikibonyeza namba, zinaingia tarakimu badala ya herufi.* Kibodi ya vitufe haijawashwa au iko kwenye namna ya tarakimu. Rudi Hatua ya 3, kisha bonyeza kitufe cha kubadilisha namna ya kuandika ukiwa ndani ya kisanduku.

*Vishale havionyeshi nilipo.* Lancha hiyo haikuchorewa alama ya kuonyesha kilichochaguliwa. Bonyeza kishale cha chini mara mbili, kisha OK, uone kinachofunguka. Kama bado unakisia, ibadilishe lancha, maana hakuna mpangilio utakaoitibu.

*Vitufe vya kushoto na kulia chini ya skrini vimekufa.* Vitufe hivyo huhudumiwa na programu zilizotengenezwa kwa simu hiyo. Kwenye lancha ya kuongeza mara nyingi havifanyi chochote. Unaweza kuvipa kazi kwa Key Mapper, na ni vitufe vizuri kwa kazi hiyo.

*Android inakataa kuipa Key Mapper ruhusa ya ufikivu.* Kuanzia Android 13, programu iliyowekwa kwa faili huzuiwa kwanza. Fungua ukurasa wa maelezo ya programu hiyo ndani ya Mipangilio, bonyeza nukta tatu za juu, uruhusu mipangilio iliyozuiwa, kisha ujaribu tena.

*Programu yenye kitufe kinachoelea juu ya skrini haifanyi kazi.* Kwenye Android Go, yaani Android nyepesi ya simu zenye uwezo mdogo, kuanzia toleo la 10, programu haziwezi kupewa ruhusa ya kujionyesha juu ya nyingine. Cat S22 Flip ni miongoni mwa simu za Android Go. Chagua aina nyingine katika zile za Hatua ya 4.

*Programu ya zamani inakataa kuwekwa.* Android 14 huzuia programu zilizolengwa kwa matoleo yaliyotangulia Android 6.0. Tafuta toleo jipya la programu hiyo.

*Key Mapper inaacha kufanya kazi baada ya muda.* Mfumo unaifunga ili kutunza chaji. Iondoe kwenye orodha ya programu zinazobanwa matumizi ya betri, kisha uzime na kuwasha ruhusa yake ya ufikivu.

*Lancha imekwama na skrini ni nyeusi.* Bonyeza kitufe cha kijani; sehemu ya kupigia ikifunguka, simu yako ni nzima. Zima na uwashe simu. Ikikwama tena, anzisha simu katika hali salama, ambamo programu za kuongeza huwa zimelala na lancha ya awali hurudi yenyewe, kisha uiondoe ile mpya ukiwa humo.